Maji ya moto huganda kabla ya maji ya baridi: Mpemba alikuwa sahihi? Leteni hoja, si kelele

#1 Kijana wa Soni
Wakuu, salaam. Jana kijiweni kwetu nusura watu wamwagiane kahawa. Mtoto wa jirani yuko kidato cha pili, kaandika kwenye daftari kwamba maji ya moto hayawezi kuganda kabla ya maji ya baridi, mwalimu kampa vyema. Mjomba wake kawaka: "Na Mpemba je? Dunia nzima inamjua!" Upande wa pili ukajibu kwamba huyo alikuwa mwanafunzi tu anayecheza na askrimu. Ubishi ulikwenda saa nzima. Nilichokiona mimi ni kwamba kila mtu alitaja mtu. Hakuna aliyetaja ushahidi.

Kwa asiyeijua habari: mwaka 1963, Erasto Mpemba akiwa kidato cha tatu shule ya sekondari Magamba, huku kwetu Lushoto, wanafunzi walikuwa wakitengeneza askrimu. Unachemsha maziwa, unatia sukari, unasubiri yapoe, ndipo unaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa inagombewa. Mwenzake mmoja aliweka maziwa ambayo hayakuchemshwa ili awahi nafasi. Mpemba naye akaona atakosa, akayaweka yake yakiwa ya moto. Baada ya kama saa moja na nusu, ya Mpemba yalikuwa yameganda, ya mwenzake bado uji.

Maswali mawili. Dai ni kweli? Na ushahidi wa namna gani unatosha kumaliza ubishi kama huu?

#2 Mpemba wa Wete
Kabla hamjaanza, niweke jambo sawa: huyo si Mpemba mwenzetu, ni jina lake tu. Uzi huu ukifunguliwa napokea pongezi za kazi nisiyoifanya. Mpemba hakimbii mvua ndogo, lakini fizikia hii sikuifanya mimi wala baba yangu.

#3 Msafiri wa Voi
Wacha! Miaka yote nilijua ni mtu wa kisiwani.

Tukirudi kwa mada, mambo ni rahisi. Maji ya digrii 90 ni lazima yapite digrii 20 ndiyo yafike sifuri. Yakifika 20, yako pale pale yale mengine yalipoanzia, na yale mengine yashatangulia. Anayekimbia nyuma kwa mwendo ule ule hawezi kumpita wa mbele. Imekwisha.

#4 Profesa Kichochoro
Imekwisha vipi? Mwaka 1969 Mpemba na Dkt. Denis Osborne wa chuo kikuu pale Dar es Salaam walichapisha makala kwenye jarida la Physics Education. Jarida la kimataifa. Wewe umechapisha wapi?

#5 Msafiri wa Voi
Mimi sijachapisha popote, nina friji tu. Nilieleza "vipi", wewe umenijibu "nani".

#6 Mwalimu wa Mdahalo
Kazi yangu ni kufundisha watoto kujadiliana, kwa hiyo mnivumilie kidogo.

Hoja ya Msafiri ni nzuri kuliko Profesa anavyoichukulia. Ina misingi na ina hitimisho, na hitimisho linafuata misingi. Ila kuna msingi mmoja kaufukia mchangani: kwamba maji yaliyoshuka kutoka 90 hadi 20 ni sawa kwa kila kitu na maji yaliyokuwa 20 tangu mwanzo. Ni kweli? Yale ya 90 yametoa mvuke, huenda yamepungua. Kuchemka kumetoa sehemu ya hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake. Yanaweza kuwa bado yanazunguka ndani ya chombo, ya juu moto, ya chini baridi. Yakitofautiana kwa lolote katika hayo, mfano wa mkimbiaji unaanguka, maana huyu wa nyuma sasa ana miguu mingine.

Profesa naye, jarida ni anwani, ushahidi unakaa ndani ya nyumba. Tuambie walipima nini.

#7 Mama Barafu
Wanangu, nauza barafu za ukwaju, ubuyu na maziwa Mbagala mwaka wa 11 huu. Sijawahi kuweka kitu cha moto kwenye friza na siweki. Friza inahema usiku kucha, uniti za umeme zinakwisha, na barafu za jirani zinalegea. Elimu yenu mtanisamehe.

#8 Fundi Majokofu
Mama, hapo umesema linaloumiza mfuko. Ila umejibu swali la "inafaa?", wao wanauliza "inawahi?". Ni vitu viwili.

Kwa uzoefu wangu jibu liko chini ya chombo. Friza za zamani zinajaa barafu kwenye sakafu na kuta, na ile barafu nyepesi kama unga ni sawa na blanketi, inazuia baridi isipite. Chombo cha baridi kinakaa juu ya blanketi. Chombo cha moto kinaliyeyusha, kinazama, kinagusa bati lenyewe, kisha maji yaliyoyeyuka yanaganda upya na kukishika kama gundi. Hapo baridi inapita vizuri. Mpemba aliweka trei kwenye friji ya shule ya mwaka 1963. Mnadhani ilikuwa safi?

#9 Mama Barafu
Hilo la kuzama nimeliona. Niliwahi kusahau bakuli la uji wa moto humo, asubuhi kulitoa ilibidi kisu.

#10 Binti Ngamiani
Watu wa Tanga mnatusahau. Mpemba mwenyewe alieleza kwamba baadaye alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza askrimu Tanga mjini, akamwambia wao huweka ya moto ili ziwahi kuganda, na wauzaji wengine mjini walikuwa wakifanya hivyo. Maana yake wauzaji wa kwetu walijua kabla ya shule kujua. Marehemu bibi yangu pia alikuwa akiweka ya moto.

#11 Profesa Kichochoro
Kama ni habari ya kutangulia, hata Tanga wamechelewa. Aristotle, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, aliandika zaidi ya miaka 2,300 iliyopita kwamba watu wakitaka maji yapoe haraka huyaanika kwanza juani, na kwamba watu wa Ponto, pwani ya Bahari Nyeusi, wakivua samaki kwenye barafu humwagia matete yao ya kuvulia maji ya moto ili yagande upesi. Wanafalsafa Bacon na Descartes nao waliligusa. Miaka yote hiyo, na leo Msafiri anabisha na friji yake.

#12 Mwalimu wa Mdahalo
Profesa, Aristotle huyo huyo alifundisha kwamba kitu kizito huanguka upesi kuliko chepesi kwa kadiri ya uzito wake. Ukale wa neno hauongezi ukweli wake.

Lakini ushahidi wa Binti nisingeutupa haraka hivyo. Muuzaji akikosea anapoteza hela, na mtu anayepoteza hela hujifunza. Udhaifu wake ni kwamba mazoea yanaweza kudumu hata kama hayasaidii, mradi hayaumizi sana. Muuzaji wa Tanga alilinganisha na trei ya baridi iliyowekwa siku hiyo hiyo, friza hiyo hiyo? Au aliona imeganda tu, akaridhika? Na mbele yetu tuna Mama Barafu wa Mbagala, mwenye miaka 11, anayefanya kinyume. Mazoea mawili yanavutana, na hatuwezi kupima kwa kuhesabu wauzaji.

#13 Wakili wa Ghorofa ya Chini
Nilikuwa nasoma kimya, ila neno "ushahidi" limeniamsha.

Kwenye Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, anayedai ndiye anayethibitisha. Pia haihitajiki idadi maalumu ya mashahidi: mmoja aliyeona kwa macho anaweza kushinda ishirini waliosikia. Tukianza kuchuja humu: bibi ya Binti ni shahidi aliyeona, ila hayupo tena kuulizwa. Rafiki wa Tanga ni maneno ya kuambiwa, kamwambia Mpemba, Mpemba kaandika, Binti kasoma. Mama Barafu ni shahidi wa mambo yake mwenyewe, ila hajawahi kuweka ya moto, kwa hiyo hana la kulinganisha. Bakuli la uji ndilo kielelezo pekee tulichonacho, na limethibitisha kunata tu.

Sasa swali langu la msingi: dai lenyewe ni lipi? Tazameni kichwa cha uzi. "Maji ya moto HUGANDA kabla." Hiyo "hu-" ni ya desturi, kila mara, kama "jua huchomoza mashariki". Dai la namna hiyo linakufa kwa mfano mmoja wa kinyume. Mwingine anasema "YANAWEZA kuganda kabla", na hilo linathibitika kwa mfano mmoja mzuri. Mpemba mwenyewe mwanzoni alikuwa na "YALIGANDA", ya kwangu, siku ile. Mtoto wa jirani kaandika "HAYAWEZI". Mwalimu wake kampa vyema kwa dai zito kuliko yote humu: kwamba haiwezekani kabisa, kwa chombo chochote, friza yoyote.

Mnagombana kuhusu maji, kumbe ugomvi uko kwenye viambishi.

#14 Kijana wa Soni
Wakili, asante. Nimeona kosa kwenye kichwa cha uzi, lakini muda wa kuhariri umepita. Libaki tu watu waone.

#15 Msafiri wa Voi
Ngoja kwanza. Mwanzo dai lilikuwa "huganda". Nimelipiga, likawa "yanaweza". Nikilipiga hilo litakuwa "yanaweza siku ya Jumanne kama friza ina barafu chini". Huko ni kuhamisha goli. Dai likipunguzwa hadi haliwezi kukosea, linabaki na faida gani?

#16 Mwalimu wa Mdahalo
Msafiri, umepiga penyewe. Kulisafisha dai kabla ya kupima ni haki. Kulipunguza baada ya kushindwa, ili usionekane umeshindwa, huo ni ujanja. Kwa hiyo anayetetea aandike sasa hivi: chombo gani, maji kiasi gani, joto gani, na neno "kuganda" lina maana gani. Kufika sifuri? Utando wa kwanza juu? Au jiwe zima hadi katikati? Mtu anaweza kushinda mbio ya kwanza akashindwa ya tatu.

#17 Baridi ya Edmonton
Niko Kanada, kwetu leo ni hasi 31. Nimerusha kikombe cha maji yaliyochemka hewani nje, yamegeuka ukungu na unga wa barafu kabla hayajafika chini. Ya baridi niliyorusha yamedondoka kama maji. Ushahidi si huo?

#18 Fundi Majokofu
Kaka, huo ni ushahidi wa jambo jingine. Maji yaliyochemka ukiyarusha yanapasuka vitone vidogo sana na mengi yanageuka mvuke. Kitone kidogo kinapoa upesi. Umelinganisha maji ya moto yaliyosambaa na maji ya baridi yaliyobaki mabonge. Mimina vyote kwenye sufuria mbili zinazofanana, weka nje barazani, halafu urudi. Na ufunike kichwa.

#19 Profesa Kichochoro
Sawa, nileteeni karatasi basi. Mmeniambia jarida ni anwani, naingia ndani ya nyumba. Osborne alitumia bika (vikombe vya kioo vya maabara) za mililita 100 zenye maji mililita 70, akaziweka juu ya kipande cha povu gumu ili baridi isipite chini. Kwa hiyo Fundi, blanketi lako pale halikuwepo. Akapima muda hadi maji yaanze kuganda. Yaliyochukua muda mrefu zaidi yalianza na digrii 25, na yaliyoanza karibu na 90 yalichukua muda mfupi zaidi kwa mbali. Alipima na upungufu kutokana na mvuke, akaona hautoshi kueleza tofauti yote. Alipoweka utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa sana, akasema joto linatoka zaidi kupitia uso wa juu.

Baada ya hapo, 2012, chama cha wanakemia cha Uingereza kikatangaza zawadi ya paundi 1,000 na Mpemba akashinda. Na 2020 Kanada wamethibitisha kwenye jarida la Nature. Kuna lingine?

#20 Kipimajoto
Lipo, Profesa. Aya yako ya kwanza ni safi, nimefurahi umeisoma. Ya pili imevurugika.

Zawadi ya 2012 ilikuwa ya atakayetoa MAELEZO bora ya kwa nini inatokea. Yalikuja majibu zaidi ya 22,000. Aliyeshinda ni Nikola Bregović wa Zagreb, Kroatia. Mpemba alialikwa kwa heshima, hakuwa mshindani. Na fikiria mwenyewe: majibu 22,000 ni dalili kwamba jibu lipo, au kwamba halipo?

Ya 2020 ni ya Kumar na Bechhoefer wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser. Walitumia punje ndogo sana ya kioo ndani ya maji, wakaisukuma kwa leza, wakaonyesha kwamba mfumo ulioanza "moto" unaweza kufika kwenye utulivu wa baridi kabla ya ule ulioanza vuguvugu. Ni kazi nzuri mno. Lakini hakuna kilichoganda pale. Inaonyesha kwamba njia ya mkato ipo kimsingi, jambo linalobomoa hoja ya Msafiri ya mkimbiaji. Haionyeshi kwamba trei ya Magamba ilipita njia hiyo.

Halafu umeruka 2016. Burridge na Linden, wa London na Cambridge, walirudia upimaji, wakapitia na data za wengine, wakasema hawakuona ushahidi wa maana. Walionyesha kwamba ukikosea kimo cha kipimajoto kwa sentimita moja tu unaweza kupata "matokeo ya Mpemba" yasiyokuwepo.

#21 Profesa Kichochoro
Hao wa 2016 walipima muda wa kupoa hadi sifuri, hawakupima kuganda! Maji yanaweza kushuka chini ya sifuri bila kuganda, yakakaa hivyo hivyo hadi yapate pa kuanzia. Yakiwa ya baridi yanashuka hasi tano, hasi saba, bado maji. Ya moto yanaanza kuganda mapema. Tofauti iko hapo, nao hawakuitazama. Na tuseme ukweli, wazungu hawawezi kukubali jina la mtoto wa Kiafrika likae kwenye vitabu vya fizikia.

#22 Kipimajoto
Sentensi zako za mwanzo ni jibu halali, hata mimi zinanisumbua. Kushuka chini ya sifuri bila kuganda kunategemea vumbi, mikwaruzo ya chombo, bahati. Ndiyo maana mtu anapata matokeo leo, kesho hayapati.

Ya mwisho inazungumzia nia ya watu, na nia haigandishi maji. Osborne naye alikuwa Mwingereza, na ndiye aliyemsikiliza. Mnapowasifu wazungu wakikubali na kuwashuku wakikataa, mnafanya jambo moja tu.

#23 Kamusi ya Makosa
Naona humu: #4 kutegemea cheo, #7 uzoefu wa mtu mmoja, #10 kutegemea mazoea, #11 kutegemea ukale, #17 mlinganisho mbovu, #21 kushambulia mtu. Uzi mzima umeoza. Kwa hiyo dai ni uongo.

#24 Binti Ngamiani
Refa kaingia na kadi sita, mpira hajaugusa 😂

#25 Wakili wa Ghorofa ya Chini
Na kadi ya saba ajipe mwenyewe. Mtetezi akijitetea vibaya haimaanishi mteja wake ana hatia. Nimewahi kuona kesi za haki zikipotea kwa sababu ya wakili mbovu. Ukionyesha hoja imepinda, umeonyesha hoja imepinda tu. Maji yako pale pale yanasubiri kupimwa.

#26 Mhenga wa Iringa
Vijana, nimefundisha fizikia hadi nikastaafu. Nichangie mawili.

Kijiweni huwa watu wanachanganya walimu wawili. Yule wa Magamba alimwambia Mpemba kwamba alichanganyikiwa, haiwezekani. Aliyetoa ile kauli maarufu ni mwalimu wa Mkwawa, huku kwetu, Mpemba alipokuja kidato cha tano. Walikuwa wanasoma kanuni ya Newton ya kupoa (kitu hupoa upesi zaidi kadiri kinavyozidi mazingira yake kwa joto), kijana akauliza tena, mwalimu akamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo akikosea hesabu darasa linasema "hiyo ni hisabati ya Mpemba". Dkt. Osborne alipotembelea shule, Mpemba akamuuliza mbele ya watu: vyombo viwili, maji sawa, kimoja digrii 35, kingine 100, kwa nini cha 100 kinaganda kwanza? Wenzake wakacheka.

La pili nitatukanwa: namtetea kidogo yule mwalimu wa Mkwawa. Kutia shaka ilikuwa halali. Mwanafunzi mmoja, trei moja, siku moja, dhidi ya kanuni iliyopimwa mara elfu. Hata mimi ningeshuku. Tatizo ni kwamba maabara ilikuwa hatua chache kutoka darasani, naye akatoa jina la utani badala ya kipimajoto. Mpemba mwenyewe ndiye aliyekwenda maabara ya baiolojia, akachukua bika mbili ndogo, moja maji ya bomba, nyingine yaliyochemka, akajaribu tena.

Na msiwasifu sana wa chuo. Osborne alimpa fundi wa maabara ajaribu. Fundi akarudi na taarifa kwamba kweli ya moto yameganda kwanza, kisha akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio hadi wapate matokeo sahihi! Mimi sentensi hiyo nilikuwa naiandika ubaoni kila Januari.

#27 Msafiri wa Voi
"Hadi tupate matokeo sahihi." Huyo fundi ni mimi kabisa. Shikamoo Mzee.

#28 Mhenga wa Iringa
Marahaba mwanangu.

#29 Kijana wa Soni
Wakuu, nimeona tusibishane kavu. Nimejaribu usiku wa tatu mfululizo. Vikombe viwili vya plastiki vinavyofanana, maji robo lita kila kimoja. Kimoja cha bomba, na bomba la Soni asubuhi linauma meno, kingine kimechemshwa. "Kuganda" nimeamua ni pale kijiti kinaposimama wima bila kushikwa.

Usiku wa kwanza: baridi imewahi, kama dakika ishirini mbele.
Usiku wa pili: umeme ulikatika. Nimekunywa.
Usiku wa tatu: moto umewahi! Nilipiga kelele, mke wangu akaamka.

Sasa niseme nini?

#30 Profesa Kichochoro
Useme umethibitisha! Usiku wa kwanza ulikosea kitu. Labda maji hayakuwa ya moto vya kutosha, au kikombe hakikuwa safi. Ukifanya vizuri lazima itokee.

#31 Mwalimu wa Mdahalo
Profesa, kwa utaratibu huo hakuna usiku unaoweza kukupinga. Ikitokea, dai ni kweli. Isipotokea, mpimaji kakosea. Ni ile dawa ya Maji Maji: risasi ikikukosa, dawa imefanya kazi, ikikupata, ulivunja mwiko.

#32 Mjukuu wa Matumbi
Mwalimu, kwa heshima, mfano huo ushughulikie taratibu. Kinjikitile Ngwale alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905, vita ndiyo kwanza vinaanza, na watu waliendelea kupigana hadi 1907. Ukiwaona kama watu waliodanganywa na maji tu, unaruka pamba ya kulazimishwa, kodi na viboko. Maji yale yaliunganisha watu ambao hawakuwa wamewahi kusimama pamoja.

#33 Mwalimu wa Mdahalo
Nimekubali, na nakushukuru. Nilizungumzia umbo la hoja, si akili ya wazee wetu. Sababu ya kupigana ilikuwa ya kweli hata kama kinga haikuwa.

#34 Kipimajoto
Kijana wa Soni, kikombe cha moto usiku wa kwanza ulikiweka upande gani wa friza? Na wa tatu?

#35 Kijana wa Soni
... Usiku wa kwanza kilikuwa mlangoni. Wa tatu nilikisogeza ukutani, maana mke wangu alikuwa ameweka samaki.

#36 Kipimajoto
Haya basi. Vikombe vyako vimetofautiana kwa vitu viwili kwa mpigo, joto na nafasi, hatujui ni moto au ni ukuta. Badilishana nafasi kila usiku, usiku kumi angalau. Na mtu mwingine asome kijiti bila kuambiwa kipi ni kipi.

#37 Msafiri wa Voi
Samaki wahamie kwa jirani kwa ajili ya sayansi.

#38 Mama Barafu
Mmeniwasha na mimi, nimejaribu. Nina friza mbili, ile kuukuu inayojaa barafu na mpya isiyoshika barafu. Maziwa ya askrimu kutoka sufuria moja, pakiti za ujazo mmoja, nyingine moto, nyingine nimeacha zipoe. Kwenye kuukuu, za moto zimewahi, kweli tupu, nilishangaa. Kwenye mpya, za baridi ndizo zilizowahi. Fundi, blanketi lako hilo.

#39 Fundi Majokofu
Nilisema mimi! 💪

#40 Profesa Kichochoro
Fundi usijipongeze. Bika za Osborne zilikaa juu ya povu, zikawahi bila blanketi. Huenda sababu ni nyingi: kwa Mama Barafu ni blanketi, maabara ni kuzunguka kwa maji, kwingine ni hewa iliyotoka.

#41 Msafiri wa Voi
Au kwa Osborne ni kipimajoto, kwa Mama ni blanketi, na "athari ya Mpemba" kama kitu kimoja haipo. Ni majina tofauti ya mambo tofauti yaliyopakiwa gunia moja.

#42 Mhenga wa Iringa
Hilo la gunia moja silikatai wala silikubali. Ila mtoto kaandika "hayawezi", na Mama Barafu kayaona yakiweza.

#43 Kipimajoto
Mara moja kwa kila friza, Mzee. Mama, tunaomba urudie. Na ili tujue kama ni blanketi, ondoa kwanza barafu yote kwenye ile kuukuu, kisha jaribu tena za moto na za baridi.

#44 Fundi Majokofu
Mama, ukiondoa, izime na uiache wazi iyeyuke yenyewe. Usikwangue kwa kisu. Mabomba ya gesi yamepita nyuma ya bati lile lile, ni membamba.

#45 Mama Barafu
Fundi, mbona umechelewa kusema? Nimekwangua tangu saa nne, nimesikia "shiii". Uko maeneo gani wewe, na kujaza gesi ni bei gani?